Paneli Zangu na Mlenda wa Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimerudi kutoka semina ya nishati safi, Singida Mjini. Nimepewa kofia. Ya kijani! Sitaivua.

Mvua za mwaka huu zimelijaza Ziwa Kitangiri mpaka kilima chetu kimekuwa kisiwa. Kinamama na watoto hawafiki zahanati ila kwa mtumbwi, na mtumbwi wenye injini ni wa Laurian peke yake. Unakohoa, unanuka petroli, unatoa moshi hadi samaki wanapiga chafya. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Antipasi, katangaza kwamba Jumamosi atapima mitumbwi, kisha ataamua nani apewe kazi ya kuvusha wagonjwa. Kazi hiyo ni yangu. Mimi, Benson, nitavusha watu kwa jua!

Nimeshusha paneli za sola kutoka juu ya bati letu. Mke wangu Yustina kauliza taa zitawaka kwa kitu gani sasa. Nikamwambia mambo makubwa hayangoji taa. Hajacheka. Kasema nikishindwa Jumamosi, mtumbwi wangu ataujaza udongo apande mchicha. Na kuanzia leo nisimtume popote.

Apande! Tutaona.

Jumanne, 13 Mei

Mota ya umeme na betri yake nimefunga. Makasia nimeyatupa stoo. Ya nini, na jua lipo?

Paneli za kujaza betri nimezitandaza juu ya jiwe kubwa la kando ya maji. Bapa, pana, halina mti karibu, jua linalichoma tangu asubuhi. Ajabu hakuna aliyeliona kabla yangu. Laurian kapita, kauliza kama nimeomba ruhusa. Ruhusa ya jiwe! Wivu tu.

Jumatano, 14 Mei

Balaa! Jiwe lina mwenyewe. Na mwenyewe ni Mama Emiliana, mama mkwe wangu. Kumbe kila mwaka mvua zikipungua huanika mboga yake ya mlenda pale.

Leo kaja na ungo kichwani. Kaziona paneli, kazigonga kwa kidole, kacheka, kamwaga mlenda wote juu yake. Kisha kawaita wenzake. Nimewasikia kutoka kichakani wakizisifu: safi, hazina mchanga, na zinakausha haraka kuliko jiwe lenyewe.

Kwa nini nilikuwa kichakani? Kwetu mama mkwe haparamiwi. Ukikutana naye njiani unampisha. Humtazami usoni, humsemeshi ila kupitia mtu mwingine. Kumwaga chakula chake ndiyo usithubutu kabisa! Nimemwomba Yustina aende akamwambie. Kanikumbusha kwamba hatumwi. Kisha kachukua ungo wake, naye kaenda kuanika.

Alhamisi, 15 Mei

Nimewafungulia mbuzi wetu waende jiweni. Mlenda sijaugusa mimi, na mbuzi hana mama mkwe.

Mama Emiliana kawatimua kwa fimbo. Wote wamekimbilia kichaka changu. Wamekula ukingo wa kofia ya semina! Sehemu iliyobaki naivaa vilevile.

Ijumaa, 16 Mei

Taa ya betri ni nyekundu, haijajaa. Sina wasiwasi. Mwalimu wa semina alisema hata siku ya mawingu umeme unaingia. Na mlenda ni nini? Ni wingu tu, tena jembamba. Yustina nimemkuta akichagua udongo wa bustani. Nimepita bila kumtazama.

Jumamosi, 17 Mei

Sina hamu ya kuandika, lakini lazima ukweli ujulikane.

Mwenyekiti kafika. Shikamoo, marahaba, kapanda. Nikawasha mota: kimya, hakuna moshi! Laurian pale ufukweni kafyata mkia. Mara nani anateremka na kapu la mlenda wa kupeleka mnadani? Mama Emiliana! Mwenyekiti kamkaribisha. Ningesema nini mimi? Kakaa mbele. Nami nyuma kwenye mota nikamgeuzia mgongo kwa heshima. Nimeendesha nikitazama tulikotoka.

Katikati ya ziwa mota ikafa.

Mama kamwambia mwenyekiti amuulize yule mtu wa nyuma mbona tumesimama. Mwenyekiti kaniuliza. Nikamwambia amwambie mama kwamba paneli zilikosa jua. Mama kamwambia aniulize jua lilizibwa na nini. Yako maswali mkwe hajibu.

Laurian kaja na kamba, anacheka mpaka kalazimika kuzima injini ili acheke vizuri. Katurushia. Mama kaitupa majini. Kasema yeye havutwi kama mbuzi wa mnadani. Kavua kitenge cha begani, kakanyaga ncha ya chini, kamwamuru mwenyekiti asimame ashike ncha ya juu. Mwenyekiti mzima kageuka mlingoti! Upepo wa kwetu haubembelezwi. Ulikipiga kile kitenge, mtumbwi ukaruka. Na Laurian? Injini yake iligoma kuwaka tena. Tulimwacha palepale akivuta kamba ya injini na kutukana.

Jumapili, 18 Mei

Mkutano baada ya ibada. Mwenyekiti kasema petroli imemwangusha Laurian, na kazi inapewa mtumbwi wangu. Nikaruka juu! Kaniambia nikae, hajamaliza. Nahodha ni Mama Emiliana. Mimi nitakuwa nyuma nikichota maji yanayoingia, mgongo nimempa, kila siku ya kliniki. Watu wamepiga vigelegele. Aliyepiga kwa sauti kuliko wote ni Yustina.

Nimefika nyumbani, paneli ziko juu ya bati na taa zinawaka. Yustina kasema mchicha atapanda mahali pengine.

Wananionea! Lakini sikushindwa. Nilikosea nishati tu. Upepo! Kwenye semina waliuzungumzia siku ya pili, nilisinzia kidogo. Sihitaji kitenge cha mtu. Nitajenga pangaboi kubwa lizungushwe na upepo, lijaze betri, nahodha niwe mimi. Mabati ya kulitengenezea nimeshaanza kuyang'oa kwenye jiko la Yustina. Yuko ndani anasonga ugali, hajaangalia juu.

Nimezunguka kisiwa kizima na kofia yangu nikitafuta penye upepo. Pazuri kuliko pote ni juu ya jiwe lile la kando ya maji. Bapa, pana, halina mti. Na Mama sasa ni mtu wa ziwani, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa.