Pumzi Yangu na Uji wa Shangazi Robi

Jumatatu, 5 Agosti 1991
Duara la Mzee Rubeni, shimo lake la kuchimba, limebaki na nafasi moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi Kisyeri, na Filemoni, mchunga ng'ombe wa Natta. Chini ya shimo hewa ni kidogo, kwa hiyo mzee anataka mtu mwenye pumzi. Jumamosi tutakimbia kutoka mtoni hadi hapa machimboni. Nikishindwa narudi Nyanungu kwa kaka, kuchunga ng'ombe wake. Na kaka ana mdomo.

Jumatano, 7 Agosti
Mwalimu Selestine kanifundisha siri. Kila mkimbiaji ana kizingiti cha pumzi. Akikimbia na bado anasema sentensi nzima, hajakivuka, atafika mbali. Maneno yakianza kukatika, amevuka, na miguu itagoma muda si mrefu. Jioni nikajipima kwa Baba Yetu. Pumzi iliisha kabla ya mkate. Tatizo ni sala, ndefu mno. Nikarudia kwa jina langu tu. Likatoka lote. Niko vizuri.

Alhamisi, 8 Agosti
Mpango umekamilika. Shangazi Robi anauza uji pale kilimani tutakapopita. Hakuna kijana wa huku anayempita mama mtu mzima kimya. Nimemwomba amsalimie Filemoni kwa kirefu: mama yake, ng'ombe, mvua ya Natta. Ajibu yote huku anapanda. Atavuka kizingiti mbele ya sufuria. Shangazi kauliza kama naumwa. Lakini kakubali.

Jumamosi, 10 Agosti
Nilichomoka mtoni kama nimefukuzwa na nyuki. Filemoni alibaki nyuma kabisa, anajikokota. Nilimhurumia.

Kilimani nilifika wa kwanza, mdomo wazi. Shikamoo ikakataa kutoka. Nikapunga mkono. Shangazi akanidaka shati, akauliza tangu lini nampita kama nguzo, yeye aliyenilea. Nilitaka kueleza. Ikatoka "sha". Akasema haniachii mpaka niamkie kama mtu.

Ndipo Filemoni akapita. Shikamoo yake ilikuwa safi. Mama hajambo, ng'ombe wazima, mvua bado. Alijibu yote na hakupunguza mwendo. Shangazi akasema yule ndiye kalelewa.

Nafasi kapewa Filemoni. Niliona aibu sana.

Jumapili, 11 Agosti
Filemoni kanifuata baada ya ibada. Kasema tatizo langu ni kuanza kwa kasi. Nianze polepole, maneno yasikatike. Namjua huyo, anataka nishindwe tena. Tangu lini mtu akashinda kwa polepole?

Bahati ipo. Mzee Rubeni kaongeza nafasi moja, Jumamosi ijayo nakimbia na Amos wa Ikoma. Nimeshamwomba Shangazi radhi, na nimemwomba asimame palepale na maswali yaleyale. Safari hii nitaanza kwa kasi zaidi, nimpite Shangazi kabla hajanyoosha mkono.