Ombi la Kufutwa kwa Haki ya Kumaliza Sentensi

Kwako Mwalimu Mkuu, kwa heshima na uchovu,

Mimi ni baba wa yule mtoto wa darasa la pili mwenye kigugumizi. Nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Kazi yangu ni udalali: nanadi fanicha zilizotumika katika ukumbi wa mnada. Mdomo ndio unaotulisha. Mteja akikohoa tu, kabati limeshakuwa lake.

Wiki tatu zilizopita mwalimu wake aliwafundisha watoto haki za binadamu. Sina ugomvi nazo. Mimi mwenyewe ni binadamu, ingawa mama mkwe wangu ana mashaka. Ugomvi wangu ni haki moja aliyoiandika ubaoni kwa chaki nyekundu, kwamba kila mtu asikilizwe mpaka amalize sentensi yake. Naomba ifutwe, kwa sababu hizi:

1. Zamani Kitinda akianza neno, tulikuwa tunammalizia. Ilikuwa huduma ya bure, tena ya haraka. Siku hizi ukimsaidia anakuonyesha kiganja kama askari wa barabarani, halafu anaanza upya. Jumatatu alitaka kuniambia kitu kuhusu shati langu. Nilikuwa nimechelewa, nikaondoka akiwa bado kwenye "sha". Nikanadi asubuhi nzima nikiwa nimelivaa ndani nje.

2. Haki hii inaambukiza. Mama mkwe alianza kisa cha kung'olewa jino Jumanne jioni. Nilipotia neno akaniambia, "Baba Kitinda, sijamaliza." Leo ni Ijumaa na jino bado halijatoka. Mke wangu naye amefufua sentensi niliyomkatiza mwaka tuliooana. Kaimaliza. Kumbe alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi.

3. Jumamosi iliyopita nilikwenda na Kitinda mnadani. Mwalimu amewaambia kwamba anayetaka kusikilizwa anyooshe mkono. Mwalimu Mkuu, mnadani mkono ulionyooshwa si haki, ni bei! Nilikuwa nanadi kiti cha daktari wa meno. Mkono ukanyooka, nikapandisha bei. Ukanyooka tena, juu zaidi, kwa sababu mwenye nao hasikilizwi. Mimi nikinadi natazama mikono, sura sina muda nazo. Nikagonga nyundo. Haki ya Mungu sizidishi: kiti kipo sebuleni kwangu, na mama mkwe anasimulia jino lake akiwa amekilalia.

4. Wanunuzi wakataka kujua mtoto alikuwa na neno gani, ukumbi mzima ukanyamaza kumsubiri. Ukumbi wangu! Miaka kumi na minne nilikuwa sijui kwamba saa ya ukutani mle ndani inatoa mlio. Alichokuwa anatuambia ni kwamba kiti kimevunjika mguu. Tangu siku hiyo, kila nikitoa meza au kitanda wanauliza, "Mtoto anasemaje?" Kazi gani hiyo?

Kwa hiyo naomba haki hiyo iondolewe. Ikishindikana, ipunguzwe iwe sentensi moja kwa wiki, isiyozidi maneno matatu. Au wafundishwe haki za kimyakimya, kama vile haki ya kulala.

Naiweka kalamu chini nikitumaini utanielewa. Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, karani wako anayecheka hata akisoma barua za malalamiko, na wazazi wenzangu wanaoteseka kama mimi. Mwalimu wa darasa la pili msalimie pia, ila kwa mbali.

Wako mtiifu,
Baba Kitinda, dalali

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Asubuhi hii mama yake alikuwa akimkorogea chai, Kitinda akaanza, "S-s-s..." Neno hilo tumemmalizia miaka mitano: sukari. Tunamtilia. Akiendelea na "s-s-s" tunamwongezea, huku tukicheka kwamba mtoto huyu anapenda utamu. Leo nilikuwa nalamba gundi ya bahasha, ulimi umenata, nikashindwa kumsaidia. Mama yake naye akasubiri. Neno lilikuwa "sitaki". Miaka mitano, Mwalimu, kila asubuhi! Nimelia mbele ya mama mkwe bila aibu. Tafadhali usifute kitu. Kitinda anasema ana mengine ya kuniambia, na leo mnadani siendi.