Kaptula, Ndala na Mama Mkwe

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekwisha.

Saa nne asubuhi nilifunga kibanda changu cha kinyozi, dakika tano tu, nikaenda kununua nyembe. Nilivaa kaptula. Ile ya zamani, yenye kiraka cha makalioni. Na ndala, moja imelegea kamba, inapiga pwata pwata. Nani angeniona? Dakika tano!

Natokea kwenye kona ya duka la dawa, huyu hapa mama mkwe. Hatua kumi. Mkono mmoja kashika ukuta, macho kanikazia, hapepesi. Nikafa ganzi. Nikimwamkia, ataona magoti ya mkwe wake mchana kweupe. Nisipomwamkia, mimi ni mtu asiyejua salamu. Lipi afadhali? Miguu haikungoja jibu. Ilinigeuza, pwata pwata pwata, hadi nyuma ya duka la magodoro.

Nyembe sikununua.

Aibu peke yake ningeimeza. Lakini kibanda chenyewe, chumba ninachonyolea, ni cha mama mkwe. Alinikabidhi ufunguo siku ya harusi, mbele ya watu, akasema hataki kodi, anataka heshima tu. Miaka sita sijakosea. Nainama, napokea kwa mikono miwili, sauti naishusha. Leo nimemwonyesha kisogo na kiraka.

Jumatano, tarehe 5

Mama mkwe amepiga simu. Mke wangu aliongea naye chumbani, mimi nikatega sikio mlangoni. Niliambulia "ndiyo mama" mara saba. Alipotoka akasema mama anakuja Jumamosi, ana neno zito, na anataka atukute sote wawili. Nikauliza, kama mtu asiyejali, neno gani? Hajui. Akauliza mbona nimejishika kifua. Nikasema kiungulia.

Neno zito! Anafuata ufunguo wake, hakuna kingine. Nitanyolea wapi? Chini ya nguzo ya umeme?

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikajitazama kwenye kioo, nikawaza. Ni mtu gani anayeweza kumpita mama mkwe wake bila salamu na bado akahurumiwa? Jibu likaja lenyewe. Mtu asiyeona! Macho yamefifia ghafla, mama, sikujua kama ni wewe. Nikajipongeza. Kichwa hiki kingepata shule kingekuwa mbali sana.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeazima miwani ya zamani ya jirani yetu, mwalimu mstaafu. Vioo vinene kama kitako cha glasi. Mpango ni kuivaa kazini, watu waone, habari zimfikie mama mkwe kabla ya Jumamosi. Mtaa huu hauhitaji redio.

Jambo moja tu nililisahau. Mwenye macho mazima akiivaa miwani ile, haoni kweli.

Mteja wa kwanza alikuwa mwuza nyama. Mtu mkubwa, mpole, mwenye visu kumi na viwili. Alitaka ndevu tu. Niliona nyuso tatu, nikachagua ya katikati. Nyusi ya kushoto ikaondoka yote. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Afadhali angetukana. Aliniuliza tu, taratibu, huwa nafunga saa ngapi.

Nikamwambia ukweli wangu mpya, kwamba macho yananitupa. Akanishika bega, akanipa pole, akatoka na nyusi moja kwenda kuutangaza.

Ijumaa, tarehe 7

Habari zimefika, tena zimepitiliza. Profesa, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajafundisha popote, amesimama mlangoni kwake kutwa nzima akiwaambia wapita njia jinsi anavyonionea huruma. Halafu anawaonyesha kiti chake. Benchi langu tupu. Lake limejaa, wengine wamekalia ndoo.

Mwalimu mstaafu naye alikuja. Nikafurahi, nikakung'uta shuka. Kumbe alitaka nimwazime miwani yake kidogo, aione vizuri njia ya kwenda kwa Profesa.

Kesho ndiyo Jumamosi.

Jumamosi, tarehe 8

Amekuja saa tisa alasiri, mke wangu kamshika mkono. Mimi suruali imenyooshwa, vifungo hadi kooni, miwani usoni. Nikainama, nikatoa shikamoo yenye adabu zote. Kumbe nimeliamkia kabati. Mama mkwe hakucheka.

Neno zito lenyewe ni hili: macho yake yana tatizo. Ameanza matibabu, atakwenda kila wiki, anaomba tumsindikize kwa zamu. Basi! Jumanne hakuitaja kabisa. Nilitaka kumbusu mtu yeyote.

Kisha akanigeukia. Akasema amesikia na mimi yamenipata, na kwamba tangu asikie hana amani, akifikiria mtu asiyeona amesimama ndani ya chumba chake na wembe kwenye shingo za watu. Akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo, mwanangu. Jumatatu twende sote kwa daktari wangu."

Nikampa. Kwa mikono miwili.

Jumapili, tarehe 9

Aliniona au hakuniona? Kama aliniona, mbona yuko kimya? Kama hakuniona, mbona alinikazia macho? Ananivizia. Nasubiri kama mbuzi aliyeona kisu.

Nikiwa katika mawazo hayo nilichambua maharage, miwani nimeiweka kando. Mke wangu akasimama juu yangu. Akauliza kama macho yangu hupona kwenye maharage tu. Ikabidi nimweleze yote. Alikaa chini. Akanisihi nimwambie mama yake ukweli leo leo, yataisha.

Nimtajie mama mkwe neno kaptula? Kwa kinywa hiki? Bora nipofuke kweli.

Jumatatu, tarehe 10

Niliondoka nyumbani na ndala makusudi. Mgonjwa wa macho aliyepiga viatu rangi angeaminiwa na nani?

Daktari alinivua miwani, akanionyesha herufi ukutani. Ile kubwa kuliko zote nikasema sioni kitu. Ya pili, giza. Ya tatu, giza tupu. Chini yake palikuwa na kikaratasi kidogo kinachosema tafadhali zima simu. Nikatoa simu, nikaizima. Daktari akaacha kuandika, akanitazama. Akamwambia mama mkwe kwamba macho yangu ni mazima, yeye mwenyewe anayatamani.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Kisha mama mkwe akasema, bila ukali:

"Jumanne nilitoka hapa nimetiwa dawa machoni. Nilikuwa sioni hata kiganja changu. Nikafika kwenye kona ya duka la dawa, nikasikia ndala zinakuja. Nikashukuru, nimepata mtu wa kunivusha barabara. Zikasimama. Halafu zikakimbia." Akanigeukia. "Leo nimezisikia tena, tangu nyumbani kwako."

Nilitamani ardhi inimeze na ndala zangu. Nikamwambia yote. Kaptula, magoti, kiraka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka. Halafu akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Nilisimama pale nusu saa, mwanangu. Heshima niliyokuomba ilikuwa mkono tu."

Akanitia ufunguo kiganjani, na hakukiachia kiganja. Nikamvusha barabara. Nililia, naandika bila kuficha. Nimeapa kwa jina la mama yangu mzazi: sitamkimbia tena mkwe yeyote, hata nikikutwa na taulo.

Alhamisi, tarehe 13

Kibanda kimefunguliwa. Nyusi ya mwuza nyama inachipua. Profesa amekunja uso, raha kweli.

Saa nne nikakumbuka nyembe. Nikafunga dakika tano tu. Kaptula ile ile, maana dakika tano, nani ataniona?

Kwenye kona ya duka la dawa, mjomba wa mke wangu! Yuko na baiskeli, gunia la mkaa limeegemea upande mmoja linataka kwenda chini, kalikumbatia kwa mikono yote miwili. Akaita. "Mkwe! Mkwe, njoo unishikie hapa!"

Nikakumbuka kiapo. Nikakumbuka na kiraka.

Nikavua ndala, nikazishika mkononi, nikapita kimya kimya nikitazama mbele. Mtu hujifunza. Nyuma yangu nikasikia gunia limeanguka, kisha baiskeli, kisha mjomba.

Jioni hii mke wangu ananiita mezani kwa mara ya tatu. Sijaitika. Kuanzia leo masikio yangu yana matatizo. Na safari hii nimefikiria kila kitu: kinyozi hahitaji masikio.