Jiwe la Kuanikia Dagaa

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena juu ya jiwe.

Mnaijua nyumba yangu ya kupangisha, ile ya mlimani Ilemela. Vyumba vyote vimejaa! Nimeijenga kwa kuuza vitumbua, na matofali ya kwanza nilibeba mwenyewe kichwani. (Ndiyo, najisifu. Mnataka nani anisifie?) Wapangaji wanaipendea jiwe kubwa bapa lililo nyuma yake. Mama Kulwa na wenzake wanaanika pale, dagaa wanakauka bila kushika mchanga. Dalali wangu huwaambia wageni, "Ukipanga hapa, jiwe bure." Ofa hiyo inaleta watu kuliko vigae.

Sasa mimi nikakaa nikawaza. Kodi napokea. Maji nalipisha, kulaza pikipiki uani nalipisha. Jiwe liwe bure kwa nini? Niliona hela zangu za ziada zinakaukia juani pamoja na dagaa.

Asubuhi nikawaita wapangaji. Nikavaa kitenge kipya, nikapanda juu ya jiwe ili wanione vizuri.

"Kuanzia mwezi ujao, anayeanika dagaa atalipia jiwe!"

Mama Kulwa akatua beseni lake.

"Mama mwenye nyumba, paa linavuja tunavumilia kwa ajili ya hili jiwe. Likiwa la kulipia, mimi nahamia Nyakato."

"Na mimi!" Wakaitikia wote, hata asiyeuza dagaa.

Nyumba tupu hainunui hata chumvi. Lakini kiburi nacho! Nikakanyaga kwa nguvu. "Jiwe ni langu, nimeshaamua!"

Hapo jirani yangu, Mzee Masanja, akachungulia juu ya michongoma.

"Mwanangu, hilo jiwe limekuwa lako lini?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bikoni ya mpaka ile pale, karibu na choo chako. Jiwe liko kwangu. Nilinyamaza kwa kuwa watu wanaanika riziki yao. Ila kama lina kodi, tuanze na wewe."

Nikageuka kuangalia. Mungu wangu, kweli! Miaka yote natangaza ofa ya mali ya mtu.

Nikataka kushuka haraka. Kitenge kikanasa. Nikateleza kwa makalio, juu ya dagaa wa Mama Kulwa, mpaka chini! (Kitenge kimechanika. Msiulize wapi.)

Mzee alicheka mpaka akashika mti. Nikamuuliza nikiwa bado nimekaa chini, "Sasa mzee, unasemaje?"

"Waache waanike bure. Wewe ziba paa."

Nikakubali palepale, mbele ya mashahidi. Mama Kulwa akaniinua, akanikung'uta, kisha akarudi kuwapanga upya dagaa niliowakalia. Hahami mtu!

Kwa hiyo nyumba yangu bado imejaa, na nitaendelea kuringa nayo. Ila wiki hii mkinunua dagaa wa Mwanza mkawakuta wamepondeka, nawaomba kuleni tu kimyakimya.