Koki Moja, Wakwe Wawili

Jumatatu, tarehe 4

Likizo ya siku saba! Nimeyaacha mafaili ya masjala yajitunze yenyewe. Nilipanga kulala hadi mbavu ziume. Koki ya bafuni ikapanga yake.

Shida ni hii. Koki ya shawa ina mkono mmoja: huku maji baridi, kule maji ya moto. Sasa hata uugeuze vipi, ni ya moto tu, ya kuchemshia mayai. Na ukifunga haifungi. Leo nimetoka bafuni mbio, mgongo unawaka, povu bado limo masikioni.

Mke wangu kasema niite fundi bomba, yaishe. Nimekataa katakata. Yeye haoni mbali. Jumamosi mama mkwe anakuja kukaa nasi. Ana kiwanja, ana ramani ya nyumba, na kilichobaki ni kumtaja msimamizi wa ujenzi. Ama mimi, ama mwanyumba wangu, yule mume wa dada mkubwa wa mke wangu.

Mwanyumba! Mwaka jana alitengeneza shawa ya kwake. Kwa mikono yake, eti. Ikapigwa picha, kaishika spana kifuani kama kombe, ikatumwa kwenye kundi la familia. Mama mkwe akaandika, "Hongera baba." Mimi nimeoa humo miaka kumi na mmoja, na sijawahi kupata hongera hata ya kuazima. Nakiri humu tu kwamba inaniuma.

Kwa hiyo leo nimetangaza kwenye kundi kwamba naibadilisha koki mwenyewe. Mwanyumba kajibu kwa dole gumba. Dole moja! Dharau gani hii?

Jumanne, tarehe 5

Nimenunua koki mpya, spana, na tepu nyeupe ya kuzungushia mabomba. Muuza duka kaniuliza kama fundi wangu ameshaona ukubwa wa mabomba. Nikamjibu kwamba fundi ndiye mimi. Akanitazama viatu.

Hatua ya kwanza, kila mtu anajua, ni kufunga maji. Nikaenda getini, nikaifunga koki kuu kwa mbwembwe zote. Nikarudi, nikafungua ile ya bafuni. Lahaula! Maji ya moto usoni, puani, hadi ukutani upande wa pili. Nikazuia kwa taulo. Taulo likanishinda. Nikazuia kwa mgongo, mgongo uleule wa jana.

Hapo mlango ukagongwa. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, kasimama na kanga ya mkewe kiunoni, kichwa kizima sabuni, jicho moja limefumba. Akauliza kwa adabu sana ni nani aliyemfungia maji. Kumbe ile ya getini ni yake! Ya kwangu iko nyuma ya tangi, chini ya vyungu vya maua nilivyovipanga mimi mwenyewe.

Mke wangu karudi kazini kakuta kidimbwi hadi koridoni. Nimemweleza kwamba hii ni hatua ya majaribio. Ameniita "mume wangu". Akiniita hivyo najua siku imeharibika.

Jumatano, tarehe 6

Leo maji nimefunga panapofungwa. Nimetoa koki ya zamani. Vigae vitatu vimetoka nayo, sikuviomba. Nimefunga mpya, nimekaza, nikajikaza na mimi kisabuni. Nimefungua maji.

Shawa kavu. Ukuta unalia.

Nimeziba kwa tepu yote iliyobaki, juu nikatundika taulo ili pasionekane. Mke wangu kauliza mbona taulo limelowa na hakuna aliyeoga. Nimesema ni unyevu wa msimu.

Alhamisi, tarehe 7

Nimepata akili. Kwani nani kasema mikono yangu lazima ishike spana? Kinachotakiwa ni shawa kufanya kazi na watu kuamini ni mimi. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Nimekwenda kwenye kibaraza cha duka la vifaa wanakokaa mafundi. Nimeulizia mmojammoja. Nikasikia kuna mmoja anaitwa Kimya. Nikamchukua palepale, jina tu lilinitosha. Mtu wa siri!

Hatujafika kona ya pili nimeshajua habari za magoti ya mama yake, mbuzi wake aliyepotea, na wateja wake wote wa wiki hii, nyumba kwa nyumba. Jina walimpa wenzake kwa kumtania. Ningejua mapema ningekuwa nimekimbia.

Kaingia bafuni, kashika kiuno, kacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akauliza ni nani aliyeuchinja ukuta huu. Nikasema ni aliyekaa humu kabla yetu. Akasema machinjo ya aina hii aliyaona mara moja tu, mwaka jana, kwa bwana mmoja mwenye kipara na saa kubwa, aliyempitisha mlango wa jikoni kama mwizi, na kazi ilipokwisha akamwomba spana apige nayo picha.

Kipara! Saa! Spana!

Nimecheza bafuni peke yangu, kwenye maji. Mwanyumba huyo! Kombe lote lile kumbe la wizi! Nikaanza kuandika kwenye kundi la familia, kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma. Kisha nikafikiri. Wakiniuliza nimejuaje, nasemaje? Nimefuta neno kwa neno. Sijawahi kuumia hivi.

Kimya kasema koki niliyonunua si saizi. Ataleta inayofaa Jumamosi asubuhi. Mama mkwe anaingia jioni. Muda upo tele.

Ijumaa, tarehe 8

Tunaoga kwa ndoo. Nimemwambia mke wangu saruji inakauka. Kauliza saruji ipi. Nimejitia kutafuta miwani.

Mwanyumba kaandika kwenye kundi kwamba, kama kazi imenishinda, niseme tu, aje. Nimemjibu asijisumbue, na nikauliza spana yake haijambo.

Hakujibu. Roho yangu kwatu!

Jumamosi, tarehe 9

Naandika nimekaa juu ya vyungu vya maua. Ndani siingii kwanza.

Mpango ulikuwa safi. Nimemwambia mke wangu nafanya hatua ya mwisho, nimejifungia, asibishe hodi mtu kwa sababu ya presha ya maji. Kimya kapita dirisha la nyuma, mwembamba kama ufito. Kaanza kazi. Nimemsihi asizungumze. Amejitahidi, masikini, amekuwa akiguna tu. Nusu saa baadaye akaninong'oneza kwamba maji bado yanavuja kidogo, nikaikaze ile koki ya nyuma ya tangi.

Mlangoni siwezi kutoka, mke yuko koridoni. Nikapita dirishani. Kilichompitisha Kimya kwa raha mimi kilinivua kifungo na ngozi ya kiwiko.

Nainuka pale kwenye tangi, chungu cha maua mkononi, naona viatu vyeusi vya kufunga kamba. Napandisha macho. Mama mkwe! Asubuhi hii! Kando yake mwanyumba, funguo za gari zikining'inia kidoleni, tabasamu hadi masikioni. Kajitolea kwenda kumchukua mapema, eti mama asichoke na safari ya basi. Nyuma yao mke wangu, ambaye dakika hiyohiyo alikuwa akiwaambia kwamba niko bafuni, nimezama kazini.

Na bafuni kweli kulikuwa na mtu anagonga. Ko! Ko! Ko!

Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akatazama dirisha, akanitazama mimi, akatazama tena dirisha. Akauliza kama mimi niko hapa, kule anagonga nani. Nikasema ni presha, maji yakirudi kwenye bomba hugonga.

Akaniuliza, taratibu kabisa, kama kweli kazi hii naijua. Nikasema, "Mama, naijua nje ndani."

Presha ikakohoa.

Nikawahi kueleza kwamba hiyo ni hewa. Mama mkwe akamgeukia mwanyumba, yeye aliyewahi kutengeneza ya kwake, akamwuliza kama anaijua habari hii ya mabomba kukohoa. Nikajua nimekwisha. Lakini hapohapo presha ikaanza kuimba, sauti ya kwanza na ya pili, na nikaona kipara cha mwanyumba kinabadilika rangi. Sauti ile aliijua! Akasema kwa kinywa kipana kwamba ndiyo mama, mabomba anayajua sana, na yakikazwa huweza hata kuimba.

Miaka kumi na mmoja sijawahi kumpenda mwanyumba. Leo nilimpenda kwa muda wa ubeti mmoja.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kimya katoka amelowa, spana begani, akampa mama mkwe shikamoo ya heshima zote. Kisha akamwona mwanyumba. Akafurahi! "Bosi wangu!" Akamwuliza ile shawa ya kwake kama bado inakwenda vizuri, na ile picha ilitoka?

Mke wangu alifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Najua. Alikuwa anacheka.

Mama mkwe alimwuliza Kimya swali moja tu, kama sasa bafu limepona. Kimya akasema koki imepona, ila hali ya bomba la moto lililozama ukutani yeye haijui, hawezi kumdanganya mama, mpaka aupasue ukuta aone. Mama mkwe akamkaribisha chai. Mwanyumba na mimi tukabaki kwenye tangi, kila mtu anachunguza maua.

Jumapili, tarehe 10

Mama mkwe ameoga. Ametoka bafuni anang'aa, anasema maji ni ya kubembeleza. Nilitaka kusema asante. Mke wangu alinitupia jicho, nikaenda kutafuta miwani.

Baada ya chai akatuita sebuleni sote, mwanyumba na mkewe wameitwa pia. Akasema msimamizi wa nyumba yake ni fundi Kimya. Kwamba jana aliwauliza wanaume watatu, kila mmoja swali lake. Wawili walijua kila kitu, mpaka mabomba kuimba. Mmoja tu alisema hajui. Nyumba yake, akasema, haitaki mtu wa kumficha ufa.

Kisha akanigeukia mimi. Akasema alipokuwa njiani anakuja, moyoni alikuwa ameshanichagua mimi, kwa sababu mwenzangu ana makeke. Alichongoja ni kunisikia tu.

Iliniingia. Sitanii. Nilitazama kikombe changu mpaka chai ikapoa. Alikuwa ameshanichagua! Ningesema neno moja, "Sijui mama," basi. Mke wangu akanisogezea sukari, na hilo lilizidi kunimaliza. Nikaenda kukaa bafuni kidogo, nikafungua koki, nikaisikiliza.

Nikiwa mle nikatafakari kwa kina, na nimeelewa sasa kosa langu lilikuwa wapi. Mama anapenda mtu asiyejua! Na Kimya atahitaji msaidizi. Kiti kiko wazi.

Nimejizoeza mbele ya kioo kwa saa nzima. "Mama, sijui." Mabega chini, macho chini, pumzi moja ndefu. Imekaa vizuri mno. Nikatoka mbio kwenda sebuleni, na nani nimemkuta miguuni pa mama? Mwanyumba! Anamweleza kwa sauti ya unyonge kwamba saruji haijui, nondo hazijui, hata mchanga hana hakika nao.

Mnafiki mkubwa! Lakini namwacha atambe leo. Yeye angalau gari anaendesha, na hesabu za shule alifaulu. Mimi kesho naamka kabla ya jogoo, nimwahi mama kitandani, nimwambie yote nisiyoyajua, moja baada ya jingine, bila kuficha. Kwa kutojua, mwanyumba hanifikii hata robo.