Upawa, Kifuniko na Mbwa Kumi na Wanne

Jumamosi, 8 Machi

Ametoka! Saa tano na dakika kumi na mbili. Mwanangu Ragnfrid, namba 23 kifuani, mbwa kumi na wanne wakivuta sleji yake, kilomita elfu moja za theluji mbele yao. Watu walipiga makelele. Nusu ya makelele yale ni yangu.

Nilimwambia kila aliyesimama karibu kwamba yule ni mwanangu. Nikamwambia na polisi wa barabarani. Akasema ameshasikia.

Hajawahi kumaliza mbio hizi. Mwaka juzi aliganda kidole. Mwaka jana mbwa waliharisha. Safari hii amesema waziwazi: asipofika mwisho, anauza mbwa wote na kwenda kuuza rangi za nyumba dukani kwa mjomba wake. Wote! Hata Kanel, mbwa kiongozi, niliyemlea mimi jikoni kwa chupa mama yake alipokufa.

Kabla hajaondoka aliniketisha kama mtoto wa chekechea. Mtu wa nje akimsaidia mshindani, au akilisha mbwa wake, mshindani anaondolewa mbioni. Kwa hiyo nisiwaguse mbwa. Nisiwape kitu. Nisiwaite majina. Kushangilia ruksa. Nimekubali. Mimi ni mtu wa kushika neno.

Ila jirani yangu Solbjørg, ambaye mwanawe Eilert yumo mbioni pia, alikuja na kengele ya ng'ombe kubwa kama ndoo. Mwanangu alipopita, sauti yangu ikamezwa. Solbjørg akaniuliza kwa upole, shoga, una mafua? Mafua!

Jumapili, 9 Machi

Kwenye simu kuna ramani, na kila mshindani ni kinukta. Ragnfrid ni kinukta cha kijani. Nimekitazama tangu alfajiri. Uji wa wazee kwenye nyumba ninayopikia umeungua. Mzee Arvid akasema hajala mkaa tangu vita. Nikamwonyesha kinukta. Akakiri ni kinukta kizuri.

Saa nane kikasimama. Katikati ya uwanda wa juu, ambako hata kichaka hakuna. Dakika kumi. Ishirini. Nikamwona mwanangu kaanguka, kavunjika mguu, theluji inamfunika. Nikapiga ofisi ya mbio. Wakasema labda anapumzisha mbwa. Nikapiga tena. Mara ya tano wakanisalimia kwa jina: habari za mchana, Oddlaug.

Saa tisa na nusu kinukta kikaondoka. Alikuwa anapumzisha mbwa. Nilijua.

Mume wangu Torleif ananiambia nitulie. Huyu angetulia hata paa likiwaka.

Jumatatu, 10 Machi

Kesho njia ya mbio inavuka barabara kuu, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka hapa. Washabiki wanakoka moto pale na kusubiri. Solbjørg kanipigia kunijulisha kwamba atakuwepo, na kengele mbili. Mbili!

Nikawaza. Kengele sina. Lakini nina upawa wa chuma na kifuniko cha sufuria kubwa. Ndivyo ninavyogonga kila jioni kuita mbwa kula, mwaka wa nne sasa, na sauti inafika ng'ambo ya ghuba. Hakuna kengele ya ng'ombe itakayofua dafu.

Torleif akauliza kama nimefikiri vizuri. Nikamjibu kwamba kushangilia nimeruhusiwa na hakuna sheria ya vifuniko. Akaenda kujaza gari mafuta.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nimesimama. Siwezi kukaa.

Baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Tulikoka moto, nikachemsha soseji. Solbjørg hatua tano tu pembeni, na kofia mpya. Ramani ikasema Ragnfrid wa kumi na tisa, Eilert wa ishirini. Mwanangu mbele ya mwanawe! Na mbwa wote kumi na wanne bado wazima! Nilimwomba Mungu aniondolee kiburi, ila si leo.

Saa saba mchana tukaona mstari mweusi kwenye theluji. Ni yeye. Solbjørg, kwa wema wake wa kujionyesha, akampigia kengele zote mbili. Basi na mimi nikaepua sufuria, nikashika kifuniko, nikagonga. Nikagonga kwa nguvu zote za uzazi.

Kanel akasimamisha masikio. Akakata kona.

Kumi na watatu wakamfuata, maana ndiyo kazi yao. Wakaacha njia, wakaruka tuta la theluji, wakanijia wote kama wajukuu walioona pipi. Ragnfrid amesimama juu ya breki, analima theluji tu. Nikasikia "Mamaaa!" Tangu ajifunze kuongea hajawahi kuniita vile.

Mwamuzi alikuwa pale pale, anakunywa kahawa yangu. Akafoka: "Bibi, usiwaguse! Na wasile kitu hapo!"

Nikainua mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Kanel akanilamba kidevu. Nikatazama pembeni, nikajifanya simjui. Mtoto niliyemnyonyesha chupa! Kisha akageukia sufuria. Soseji moja tu ikiingia mdomoni mwake, mwanangu kwisha. Mikono siwezi kuishusha. Nikafanya kilichobaki. Nikaikalia.

Ilikuwa imetoka motoni sasa hivi. Na kifuniko nilikuwa nacho mkononi, juu kabisa.

Dakika ishirini na sita Ragnfrid alifumua kamba peke yake, bila kunitazama. Mimi nimekaa. Sikulia. Nilinukia. Eilert akapita. Solbjørg hakumpigia kengele mwanawe, hilo sitalisahau. Ragnfrid alipoondoka aliniambia maneno mawili: nenda nyumbani. Mwamuzi akajaza ukurasa mzima wa daftari.

Jumatano, 12 Machi

Waamuzi wanakutana leo kuamua kama anaondolewa. Nimelala kifudifudi, simu chini ya pua. Kinukta kinatembea, maskini, hakijui kama kinatembea bure. Nikamwaza Kanel mikononi mwa watu wasiojua kwamba hulala na soksi mdomoni. Nikamwaza Ragnfrid nyuma ya kaunta, anamweleza mtu tofauti ya nyeupe na nyeupe.

Solbjørg akaja na chapati za viazi. Nilidhani kaja kunisimanga. Akakaa kitandani, akanong'ona kwamba mwaka jana yeye alimkimbilia Eilert kwenye kituo cha mapumziko akamfunga skafu shingoni, waamuzi wakamsamehe asiondolewe ila wakamwongezea saa mbili za adhabu, na hajamwambia mtu. Tukacheka. Nikaumia.

Saa kumi simu ikalia. Mwamuzi! Wamejadili saa nzima na kutazama picha zote. Sheria inakataza msaada. Wao hawakuona msaada wowote pale. Walichoona ni kikwazo, na mshindani haadhibiwi kwa kukutana na kikwazo, kama asivyoadhibiwa kwa kukutana na dhoruba. Aendelee.

Nimelia mpaka Torleif akadhani ni marhamu inauma. Nimewekwa daraja moja na dhoruba!

Ijumaa, 14 Machi

Amefika! AMEFIKA! Wa ishirini na moja kati ya thelathini na wanne, na Kanel mbele. Barafu kwenye kope za mwanangu, macho yote mawili. Akakumbatia mbwa mmoja mmoja, halafu Torleif, halafu akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimeficha mikono mfukoni.

Akasema, mama wewe, nusura uniue. Kisha akaniangukia shingoni, akalia kama alipokuwa na miaka sita. Hauzi mbwa hata mmoja.

Ananisimulia kwamba tangu pale barabarani Kanel alikimbia kama anayefuata chakula alichonyimwa. Haya, nani aliyemtia mwendo? Lakini nyamaza, Oddlaug. Waamuzi wasije wakasikia.

Jumapili, 16 Machi

Ragnfrid ameniapisha mbele ya baba yake, mkono juu ya Biblia. Mwakani mama wa mshindani namba yoyote ile hakanyagi njia ya mbio. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Mchana nikapiga ofisi ya mbio huku nimebana pua, wasinitambue. Kituo cha nne, kule uwandani kabisa, wanatafuta mtu wa kujitolea kupika. Anapewa koti la rangi ya chungwa, na mwenye koti lile hapiti mahali akazuiwa. Nimejiandikisha kwa jina la ukoo wa kwetu.

Kiapo kilimhusu mama. Mpishi hakutajwa.