Rili ya Dhahabu na Banda la Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba

Rili yangu, ile mashine ya kukunjia mshipi, imezama! Niliegemeza fimbo ya kuvulia ukingoni mwa gati nijikune mgongo, ikateleza, ikaingia Ziwa Michigan na rili yake. Na samoni ndio kwanza wanaanza kuingia mtoni. Bahati yangu hiyo.

Halafu leo hii hii Mama Wanda, mama mkwe wangu, katangaza: atakayemletea samoni wa karamu ya kanisa Jumapili, atapewa banda lake la gari msimu wote wa baridi. Macho yakanitoka. Banda lina umeme, lina hita! Ningetengenezea humo mashine za kufagia theluji, wateja wapange foleni. Sasa hivi nazitengenezea jikoni, na mke wangu Loreta kasema akikuta tena kabureta kwenye sinki, nitalala nayo.

Tatizo ni Kaz, shemeji yangu, kaka yake Loreta. Naye analitaka, alaze pikipiki yake ya theluji. Pikipiki! Tangu lini chuma kikasikia baridi?

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda kwa Marge, muuza vifaa vya uvuvi karibu na daraja. Nataka rili ya bei nafuu, ila ya kumweza samoni. Akanitolea moja nyeusi, sura kama sufuria ya zamani. Eti saizi ya kati ndiyo ya gatini: ndogo samoni ataidhalilisha, kubwa itakuchosha mkono kabla hujavua kitu. Eti nisihesabu gololi za ndani, nijaribu breki, ile inayomwachia samaki mshipi kidogo kidogo. Ivutike laini. Ikikwamakwama, samoni akikimbia mshipi unakatika, pu!

Mimi jicho liko kwenye kapu la punguzo. Kuna kitu kinameremeta. Dhahabu! Gololi kumi na tatu! Nusu ya bei! Nikamuuliza ile sufuria yake ina ngapi. Nne. Nilicheka sana.

Marge akashusha pumzi, akasema basi nikitia mshipi wa kusuka, nitangulize nailoni kidogo chini yake, maana ule wa kusuka unateleza kwenye bobini, pale unapokunjiwa. Hapo nikamgundua: anataka kuniuzia nailoni! Mimi nimezaliwa sokoni, mama. Nikamkonyeza, nikaondoka na dhahabu yangu na mshipi wa kusuka mtupu.

Alhamisi, 12 Septemba

Alfajiri gatini. Tumebanana kama soseji kwenye kikaango. Kaz kaja kusimama kulia kwangu, makusudi. Akaiangalia rili, akauliza, shemeji, hiyo umemvua Loreta shingoni? Watu wakacheka. Nikamwambia acheke leo, Jumapili atalia.

Mara fimbo yangu ya akiba ikapinda. Nikapiga kelele, samaki! Sheria ya gati ni moja: ukisikia hivyo unavuta mshipi wako, unampisha mwenzako, na aliye jirani anashika wavu hata kama hamsalimiani. Gati zima likavuta. Kaz akashika wavu, uso kama kanywa siki.

Nikazungusha. Nikazungusha! Mkono unazunguka, samaki anaenda zake. Nikakaza breki mpaka mwisho. Anaenda tu, tena bila haraka, kama anakwenda kuchukua pensheni. Mzee mmoja nyuma akauliza kama nasaga kahawa, na yeye nimwekee kikombe. Kaz akasema, shemeji mwache, huyo kashafika Kanada, mtumie kadi ya Krismasi.

Ndoana ikachomoka. Wanaume wote wale, mishipi juu, wananitazama.

Rili mbovu. Gololi zote kumi na tatu, mbovu!

Ijumaa, 13 Septemba

Akili yangu inaniogopesha. Kaz kaangusha rili yake ya bei mbaya mchangani, haizunguki, inatafuna kama punda. Nikajifanya mwenye huruma. Shemeji, tubadilishane, chukua yangu. Akachukua! Sasa yeye ana uchafu wa dhahabu, mimi nina rili ya kitajiri inayohitaji kusafishwa tu. Na nani fundi hapa?

Jumamosi, 14 Septemba

Nilipoifungua rili ya Kaz, springi iliruka. Loreta kaikuta kwenye supu ya kabichi. Vipande vilivyobaki havitaki kurudiana.

Nikaenda gatini mikono mitupu, angalau nimcheke Kaz. Nimefika tu pembeni yake, akapiga kelele, samaki! Ile dhahabu ikalia zzzz, breki laini kama siagi. Nikamuuliza kairoga nini. Akajibu bila kugeuka kwamba rili ilikuwa nzima, ni mshipi tu ulikuwa unateleza kwenye bobini, bonge lote linajizungukia. Kaufungua, kabandika kipande cha tepu ya umeme, kaurudishia juu yake. Basi.

Na jirani ni nani? Mimi. Wavu uko miguuni kwangu.

Shetani akaninong'oneza nikosee kidogo tu, pembeni kidogo. Lakini yule samaki, jamani! Mgongo mweusi, ubavu fedha, mkubwa kama mtoto wa shule. Mikono ikaenda yenyewe. Nimemchota safi, kichwa kwanza. Gati likashangilia. Kaz akanikumbatia, ananuka kitunguu, akasema hajawahi kuona mtu anashika wavu hivyo. Nikafurahi kweli. Banda nililikumbuka tukiwa njiani, nimebeba mkia.

Jumapili, 15 Septemba

Mama Wanda kampa Kaz ufunguo mbele ya padri. Kwangu akaniongezea viazi, akanipigapiga mgongoni kama anamtoa mtoto hewa.

Jumanne, 17 Septemba

Nimewaza. Kosa si langu. Watu wa hapa hawana elimu ya rili, ndio maana mtu mwerevu anaumia. Basi nimebandika tangazo mlangoni kwa Marge: Darasa la Kuchagua Rili ya Bei Nafuu, Mwalimu Virgil, Mwenye Uzoefu. Marge kasoma, kacheka mpaka kakaa chini. Furaha hiyo!

Na mwanafunzi wa kwanza kashajiandikisha. Mama Wanda! Anasema anataka kwenda gatini mwenyewe, na atakuja na kalamu aandike kila nitakachomwambia, ili ajue asifanye nini.

Nimempa kiti cha mbele.